Kipande Ambacho Fundi Hataki Kukitandika Mawe

Mama Mshauri mpendwa,

Nakuomba unisaidie upesi, maana sururu iko mkononi na sijui kama niitumie au niiweke chini, na hapa Shanwe sina mtu wa kumwuliza ambaye hatalibeba neno langu hadi kilabuni kabla jua halijazama.

Mimi ni mtu wa miaka arobaini na tisa, Mkristo, nimesoma misheni hadi darasa la sita, nikachukuliwa keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita, na niliporudi nikafanya kazi ya bustani miaka tisa kwa Mzungu mmoja mpima ardhi pale mgodini, na mkewe ndiye aliyenifundisha kutengeneza bustani ya mawe kama zile za nyumba ndogo za mashambani kwao, yaani si shamba la kulima, ni ua wa kukaa, umezungushiwa ukuta wa mawe wa kufika kifuani, chini pametandikwa mawe bapa badala ya vumbi, na kati ya mawe zimeachwa nafasi za mawaridi na majani ya kunukia, na pembeni kiti cha mawe cha kupumzikia. Mwaka jana walirudi Ulaya, wakaniachia meza ya chuma na viti viwili, nami nikasema sasa nitajitengenezea ya kwangu, nisife nimepamba ua wa watu tu.

Nilianza mwezi wa Mei, mvua zilipokwisha, nikaleta mawe kutoka kilimani kwa mkokoteni wa ng'ombe, nikamwita fundi mwashi kijana aitwaye Krispini, mtu wa Sitalike, anajua kazi, simkatai, ukuta ameusimamisha kwa udongo wa kichuguu na chokaa kidogo na ukitia timazi hakuna jiwe lililotoka nje, na mawe ya chini tuliyalaza kama nilivyofundishwa, unachimba kina cha kiganja, unamwaga changarawe, juu yake mchanga wa mtoni, unalaza jiwe na kuligonga kwa mpini wa nyundo mpaka liache kucheza, na unaacha mteremko kidogo kuelekea langoni ili maji ya mvua yasirudi mlangoni. Nakueleza haya yote ili ujue kwamba sikukurupuka, kila kitu nilikipima.

Nyumba yetu ya kwanza, ya miti na udongo, ilikuwa upande wa kaskazini, ikaanguka mwaka 1948, nikajenga hii ya matofali hatua ishirini kusini, kwa hiyo ua ninaotandika sasa ndipo nyumba ya zamani iliposimama, na nyuma yake, chini ya mapaa yalipokuwa, palikuwa na shina la migomba ambalo halikuwahi kutoa mkungu wa maana, ila mke wangu Paskalia alikuwa akilimwagia maji ya kuoshea vyombo kila siku, kiangazi na masika. Migomba hiyo niliing'oa mwezi wa Juni kwa kuwa mizizi yake ingeinua mawe. Paskalia alitoka jikoni, akaitazama imelala chini, akasema, "Ungeniuliza, Baba Romana." Nikamwambia, "Nikuulize kwa migomba isiyozaa?" Akarudi jikoni, na siku mbili hakunisemesha zaidi ya "chakula tayari."

Tangu hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda upande. Krispini akatandika ua wote, lakini pale penye migomba, kipande cha hatua mbili kwa tatu kando ya ukuta wa kaskazini, akapaacha. Nikamwuliza, "Mbona pale pamebaki?" Akasema, "Mawe bapa yameisha, mzee." Nikamwambia, "Na yale pale langoni ni mikate?" Akacheka, akainama akaendelea kuchonga jiwe ambalo halikuhitaji kuchongwa. Kesho yake nikamuuliza tena, safari hii hakucheka, alisema, "Mzee, mimi pale sitatia sururu. Muulize mama." Mama Mshauri, hebu fikiri, kijana niliyemwajiri mimi ananituma kwa mke wangu mwenyewe nikaulize habari za ua wangu mwenyewe! Sikumuuliza mke wangu, na sitamuuliza, maana kuuliza ni kukubali kwamba wao wawili wanajua jambo nisilolijua mimi.

Basi nikaanza kutazama. Nikaona kwamba Paskalia humpelekea Krispini uji wa karanga, na mimi mwenye nyumba napewa uji mtupu. Nikaona kwamba wakiwa wawili wanazungumza kwa sauti ya chini, na nikikohoa langoni wananyamaza, yeye anaokota bakuli, kijana anaokota nyundo. Nikaona kwamba kwenye vile viti viwili vya chuma mke wangu hajakaa hata mara moja tangu niviweke, anakaa kwenye kigoda mlangoni, uso ukielekea pale pasipotandikwa. Nikasema liwalo na liwe, nikatandika mwenyewe, mawe ishirini na mawili, nikamaliza jua likizama, sikuchimba sana kwa kuwa nilikuwa nimechoka, niliyalaza juu ya mchanga tu. Asubuhi nikayakuta yote yametolewa, yamepangwa kando ya ukuta, makubwa chini na madogo juu, hakuna hata moja lililovunjika, na mchanga umefagiliwa. Mwizi hapangi hivyo, mama. Huyo ni mtu wa nyumbani.

Jirani yangu Leodgar, ambaye tangu nianze ukuta amekuwa akinitania, "Baba Romana, unafuga nini humo, simba?", safari hii hakutania. Alinivuta pembeni akaniambia, "Mwanamke akikataza mahali pasiguswe, ujue kuna kitu amekizika. Na kama amezika dawa, amemzikia nani, kama si mwenye nyumba?" Mimi mambo ya dawa siyaamini, nimebatizwa, lakini tangu siku hiyo tumbo linanisokota kila nikinywa ule uji, na nimekumbuka kwamba mwaka huu nimepungua hata mkanda nimeutoboa tundu jipya. Kwa nini anizikie dawa sijui, labda kwa ajili ya huyo kijana. Watoto tunao, Romana ameolewa, na wawili wako shule ya bweni, wa pili kuzaliwa alikufa mwaka 1943 nikiwa vitani, sikumwona, niliandikiwa barua nikajibu kuwapa pole na kusema tutapata wengine, na kweli tulipata, kwa hiyo huwezi kusema nyumba yetu ina kilio.

Wiki tatu zilizopita nilitangaza mezani kwamba nitatandika tena na safari hii nitachimba kina cha kutosha. Paskalia akafunga nguo zake kwenye kanga, akasema anakwenda Misunkumilo kwa kaka yake Severini kwa kuwa wifi yake anaumwa. Alipofika langoni akageuka, akasema, "Tandika kila mahali, Baba Romana. Lakini pale ukipachimba, mimi sirudi." Siku ya nne nikakutana na Severini sokoni, nikamuuliza hali ya mgonjwa, akasema, "Mgonjwa gani? Mke wangu yuko shambani analima." Krispini naye tangu mke wangu aondoke hajaja kazini, vifaa vyake viko kwangu.

Nimeamua hivi: Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu nitachimba pale, Leodgar akiwa shahidi, na nitakachokikuta nitakibeba hadi barazani kwa jumbe, na Paskalia atabaki huko huko kwao. Ninalokuuliza ni moja tu: nichimbe kwanza ndipo niende barazani, au niende barazani kwanza ili waje waone ninapochimba?

Mimi,
Mwenye Ua, Shanwe, Mpanda.


JIBU

Mwenye Ua, weka sururu chini. Nimemwomba mhariri aitangulize barua yako mbele ya nyingine zote ili gazeti likufikie kabla ya Jumamosi hiyo. Usichimbe kwanza, wala usiende barazani kwanza. Leodgar akija na jembe lake, mpe chai, umwambie kazi imeahirishwa.

Sasa kaa nikueleze, na unisikilize mpaka mwisho, kwa kuwa umeandika kurasa nne za kupima mawe na mstari mmoja na nusu juu ya mwanao.

Mimi nimekuwa mkunga miaka ishirini na nane, huku Mpanda na kule ziwani, kabla sijaanza kujibu barua hizi. Nitakuambia jambo ambalo wanaume wengi wa huku hawalijui, na hawalijui kwa sababu tulikubaliana wasiambiwe. Mtoto akifa kabla hajapewa jina, au kabla hajaota jino, hapelekwi makaburini na haliliwi hadharani. Wanawake wenyewe, bibi na jirani mmoja au wawili, humfunga kitambaa na kumlaza karibu na nyumba, chini ya mapaa, mahali mama yake atakapokuwa anapita kila siku. Juu hapawekwi jiwe wala msalaba. Hupandwa kitu chenye maji, mara nyingi mgomba, ili udongo usikauke juu yake. Mwanamume hatajiwi mahali, hata akiwa baba, na akiwa mbali ndiyo kabisa. Wazee wetu walisema hivyo ni kumhifadhi mama apate kuzaa tena. Sibishani nao hapa. Ninakueleza tu ili ujue unaishi juu ya nini.

Sasa rudi kwenye barua yako uisome kama mtu mwingine ameiandika. Nyumba ya zamani ilisimama wapi? Migomba ilikuwa wapi? Chini ya mapaa. Ilizaa? Haikuzaa, na mkeo aliimwagia maji hata kiangazi, wakati kila ndoo hubebwa kichwani. Wewe ni mtu wa bustani, ndugu yangu. Miaka tisa umelipwa kuangalia mimea ya mke wa Mzungu. Hukujiuliza hata siku moja kwa nini mwanamke mwenye akili zake anamwagilia migomba isiyotoa mkungu?

Mimi sikuwapo, na huenda nimekosea. Lakini kama nimekosea, utakuwa umepoteza safari ya kwenda Misunkumilo na kurudi. Kama sikukosea na ukachimba, ukiwa na Leodgar ameegemea ukuta anachungulia, utatoa kwa sururu mifupa ya mwanao mbele ya shahidi, halafu uibebe barazani kama ushahidi wa uchawi. Fikiria mkeo anaipata habari hiyo akiwa shambani kwa Severini. Hakuna ukuta utakaoutengeneza baada ya hapo.

Kule Karema nilimjua mvuvi mmoja, Anselmo, mtu mpole kabisa. Alichimba shimo la nguzo ya kuanikia nyavu nyuma ya nyumba ya mama yake, akakuta kitambaa. Hakuwa na kosa, hakuna aliyekuwa amemwambia. Lakini mama yake aliacha kula kwake, na alikufa bila kula kwake. Anselmo hakujua mpaka mwisho kwamba aliyemgusa alikuwa pacha wake mwenyewe. Wewe umebahatika: umeambiwa "usichimbe" mara tatu, na fundi, na mawe, na mke wako, na bado unaulizia njia ya kwenda barazani.

Habari za Krispini. Umemtilia shaka kijana huyo kwa sababu ya uji wa karanga. Mtazame vizuri. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika sururu, kwa hiyo mkeo hakuwa na budi kumwambia yeye kwanza, mtu asiye wa ukoo, jambo ambalo hajawahi kumwambia mumewe. Unadhani ilikuwa rahisi? Na yeye akafanya nini? Akakudanganya kwa adabu kwamba mawe yameisha, na ulipombana akakuambia ukweli wote aliokuwa na haki ya kuusema: muulize mama. Siri haikuwa yake. Angeweza kutandika tu akamaliza kazi yake, nani angejua? Kijana wa namna hiyo anastahili uji wa karanga, na ningekuwa na mtungi wa asali ningempelekea mimi mwenyewe. Hajaja kazini kwa kuwa hataki kuwapo siku utakapochimba.

Mawe ishirini na mawili uliyaona yamepangwa, makubwa chini na madogo juu, na mchanga umefagiliwa. Wewe mwenyewe ulisema mwizi hapangi hivyo. Ulikuwa umekaribia kabisa, ukageuka. Huyo alikuwa mama anatandua mahali mtoto wake alipolala, na hata katika uchungu huo hakuvunja jiwe lako moja, kwa kuwa anajua jinsi ulivyoyahangaikia.

Kuhusu tumbo lako: nenda zahanati. Mtu anayebeba mawe tangu Mei hadi Septemba hupungua, na anayekunywa uji huku amekunja uso tumbo humsokota. Na Leodgar mpunguzie habari za nyumba yako. Mtu aliyetania juu ya simba jana hawezi kuwa hakimu wa ndoa yako leo.

Nimekukaripia, sasa nikupe pole, maana unastahili vyote viwili. Ulikuwa vitani, ukaletewa barua, ukaandika "tutapata wengine." Ulikuwa mbali na kwenu, na labda siku hiyo ulikuwa umezika wenzako pia. Sikulaumu kwa barua ile. Ninakulaumu kwa miaka kumi baada ya kurudi, ambayo hukuuliza hata kama alikuwa mvulana au msichana. Unaniambia nyumba yenu haina kilio. Kilio kilikuwepo, Mwenye Ua, ila wewe hukukisikia, na mkeo alikuwa akikimwaga pale pamoja na maji ya vyombo.

Kuhusu ua wenyewe, kwa kuwa umeniandikia kwa ufundi nami nitakujibu kwa ufundi. Ukuta wako ni mzuri, nimeuona katika maneno yako. Kipande hicho kiache udongo mtupu, kisikanyagwe. Mteremko wa maji ulioupima uendelee kupita kando yake, usilipeleke tope la uani huko. Kuzungushia mawe madogo ukingoni au kutozungushia, kupanda migomba tena au kupanda maua, hayo si ya kwako kuamua. Utamuuliza mwenyewe, na jibu lake likiwa "acha hivyo hivyo," utaacha hivyo hivyo. Umemtengenezea ua yule mama wa Kizungu aliyekwenda zake, na meza yake, na viti vyake viwili. Paskalia hajakaa humo kwa sababu hakuna kitu humo alichoulizwa. Kama anapenda kigoda, kigoda kiwe samani ya bustani, nawe uketi chini kando yake.

Haya ndiyo ya kufanya. Kesho asubuhi, sio Jumamosi, nenda kwa Krispini umwombe radhi. Usimweleze mengi, mwambie tu, "Nilikudhania vibaya," naye ataelewa. Vifaa vyake umpelekee mwenyewe, usitume mtu. Kisha utembee hadi Misunkumilo peke yako. Usiende na mzee wa ukoo, wala katekista, wala zawadi ya kanga mpya, maana huendi kuposa. Ukifika kwa Severini, atakutania juu ya mgonjwa wake anayelima. Vumilia, umestahili. Omba ukae na mkeo mahali ambapo hamsikiwi.

Usimwulize nini kimezikwa pale, wala usitaje gazeti hili, wala mimi. Wala usianze na "kwa nini hukuniambia," maana hilo ni swali la barazani. Mwambie hivi: "Mama Romana, mwaka ule mimi sikuwapo. Nieleze mtoto wetu alikuwaje." Halafu unyamaze. Akilia, nyamaza. Akikaa kimya mpaka jua limepinduka, nawe kaa kimya mpaka limepinduka, usijaribu kumweleza chochote. Akisema jina, ujue kwamba alimpa jina peke yake, miaka kumi na mitatu iliyopita, na hakuna mwingine aliyewahi kulitamka.

Wewe litamke.

Bibi Dafrosa